Mbwa mwenye nguvu akigoma kuvuta mzigo: anza kukagua wapi?

Jana alivuta vizuri. Leo umemvisha hanesi ileile (mikanda ya mwilini anayovutia mzigo), mzigo ni uleule, umesimama mbele yake unamwita, naye anakutazama tu. Anajilamba midomo, anageuza kichwa pembeni, halafu anakaa chini. Neno la kwanza linalowatoka wengi hapo ni "amekuwa mbishi". Nimekaa na mbwa wa kuvuta muda wa kutosha kusema bila kusita kwamba ubishi uwe sababu ya mwisho kufikiriwa, na mara nyingi hata hutafika huko. Mbwa wa aina zinazopendwa kwa kazi hii, kama American Bulldog, Rottweiler, pit bull na Alaskan Malamute, huvumilia maumivu na kuendelea kukaza mpaka mwili umshinde. Mbwa wa namna hiyo akisimama, kuna kitu.

Kila dalili hapa chini naikagua kwa mpangilio mmoja: mwili, kisha hanesi, kisha mzigo na ardhi, na mwisho kabisa mafunzo. Ukikosea kwenye mafunzo utapoteza wiki moja. Ukikosea kwenye mwili, mbwa anaweza kupoteza goti.

Kwanza, umri wake

Kabla ya dalili yoyote jiulize mbwa ana miezi mingapi. Mifupa ya mbwa hurefuka kwenye ncha zake, na sehemu hizo za ukuaji ni laini kuliko mfupa wenyewe. Kwa mbwa wakubwa huchukua hadi miezi 18, na kwa wale wazito sana huweza kufika 24, kabla hazijakomaa na kufunga. Mzigo mzito kabla ya hapo unaweza kupindisha mguu au kuharibu kiungo kwa namna isiyorudi. Mtoto wa mbwa avae hanesi tupu, azoee kamba inayoburuzwa nyuma yake, ajifunze kuja anapoitwa. Hiyo inamtosha.

Aliyekomaa naye apimwe na daktari wa mifugo kabla ya kuanza: moyo, nyonga, magoti, viwiko. Nyonga mbovu ya kurithi haionekani kwa macho kwa mbwa mwenye misuli mingi, kwa sababu misuli inaibeba. Eksirei ndiyo itakayokuambia.

Dalili za kuacha kila kitu sasa hivi

Hizi hazina jaribio la nyumbani. Mfungue mbwa, mpeleke kwa daktari.

Mkojo wa rangi ya kahawia au chai nzito saa chache baada ya mazoezi makali: misuli imeumia kiasi cha kumwaga rangi yake kwenye damu, na figo ziko hatarini. Tumbo lililovimba na kuwa gumu huku mbwa akijaribu kutapika bila kutoa kitu, hatulii, anatazama ubavu wake: tumbo huenda limejaa hewa na kujipinda, na saa chache tu zinatosha kumuua. Fizi nyeupe au za kijivu. Kuanguka, hata akiinuka mwenyewe. Mguu ambao hawezi kabisa kuukanyagia.

Hilo la tumbo huwapata zaidi mbwa wakubwa wenye kifua kirefu. Ndiyo maana simfungi mzigo mbwa aliyekula mlo mkubwa ndani ya saa tatu au nne, na baada ya kazi nasubiri saa moja au mbili atulie ndipo ale. Maji anapewa kidogo kidogo, mara nyingi.

Anakataa kuanza

Unaita, anakaza mara moja, mzigo hausogei au unashtuka kidogo, naye anarudi nyuma.

Ondoa mzigo wote, umtembeze na hanesi tupu. Kama hata hivyo hataki kusogea, au anatembea amejikunja mgongo, tatizo liko mwilini au kwenye hanesi. Ruka uende sehemu hizo. Kama anatembea kwa furaha mkia ukiwa juu, shida iko kwenye mzigo.

Hapa kuna jambo ambalo wengi hawalipimi. Kitu kilichosimama kinahitaji nguvu kubwa kuanza kusogea kuliko nguvu ya kukiendeleza kikishatembea. Mbwa hukutana na sehemu ngumu kuliko zote akiwa bado amesimama, hajapata mwendo. Ukichanganya hilo na kamba iliyolegea, anaruka mbele, kamba inakazika ghafla, anavutwa kifuani kwa kishindo. Kwake ni kama amepigwa. Akipigwa hivyo mara tatu, ya nne hataruka.

Rekebisha hivi: msogeze taratibu mpaka kamba inyooke bila ulegevu, mtulize hapo kwa sekunde chache, ndipo umwite. Punguza mzigo hadi nusu. Mwombe msaidizi asimame nyuma, na kwenye hatua ya kwanza ausukume mzigo kimyakimya. Mbwa asijue kwamba amesaidiwa. Unachotaka akikumbuke ni kwamba alikaza na kitu kikasogea.

Na huo mzigo wenyewe, je, unaujua uzito wake wa kweli? Kilo zilizopakiwa hazikuambii mbwa anavuta nguvu kiasi gani. Tafuta mizani ya ndoano, ile ya kupimia mizigo kwa kuning'iniza. Ifunge kwenye kamba mahali ambapo mbwa angekuwa, uvute mwenyewe polepole, usome mara mbili: mzigo unapoanza kusogea, na ukishatembea. Mkokoteni wa kilo 100 wenye magurudumu mazuri juu ya saruji laini unaweza kusoma kilo tatu tu ukiwa unatembea. Tairi lenye mawe, la kilo 20, likiburuzwa kwenye nyasi, linaweza kusoma kilo 10 na kuzidi. Mtu anayesema "mbwa wangu anashindwa kilo 20 wakati anavuta 100" hajapima. Mbwa wake hajashindwa chochote. Mvua ikinyesha usiku, pima tena asubuhi. Ardhi iliyolowa inaweza kufanya mkokoteni wa jana uwe mzigo mwingine kabisa, kwa sababu magurudumu yanazama.

Kwa kuburuza kwa mwendo wa kutembea mimi huanza na kitu chenye uzito wa sehemu ya kumi ya mbwa: mbwa wa kilo 40, kitu cha kilo nne. Siongezi mpaka amemaliza vipindi vitatu mfululizo bila kusita. Wapo watakaoona huo ni mwendo wa kobe. Kano na viungo huimarika polepole kuliko misuli, na mbwa anayeonekana tayari kwa macho huwa bado hajawa tayari gotini.

Anaanza vizuri, anasimama katikati

Kwenye mashindano ya International Weight Pull Association mbwa huvuta umbali wa futi 16, karibu mita 4.9, ndani ya sekunde 60, na mwenyewe haruhusiwi kumgusa wakati anavuta. Umbali ni mfupi, lakini mbwa wengi husimama kwenye mita ya pili au ya tatu, na sababu mara nyingi ni sisi wenyewe. Akisimama, tunamfuata alipo na kipande cha nyama ili kumshawishi. Kwa hesabu ya mbwa, kusimama kumelipwa. Kesho atasimama mapema zaidi.

Simama mwisho wa njia na ubaki hapo. Chakula kitoke anapokufikia tu. Kama amekwama kweli, msaidizi ausukume mzigo mpaka afike, umpongeze kama kawaida, kisha upunguze mzigo au ufupishe njia iwe mita mbili. Kila kipindi kiishe kwa mvuto mwepesi alioumaliza mwenyewe.

Lakini usinifuate huku kabla hujakagua hanesi, maana mimi mwenyewe nililipia kosa hilo. Nilikuwa na dume wa kilo 38, Chui, akaanza kusimama kila akifika mita ya tatu. Nikapunguza mzigo, nikafupisha njia, nikabadilisha chakula cha kumpongeza, wiki nzima. Mzee aliyenifundisha kazi hii alikuja, akatazama mvuto mmoja tu, akasema, "Mwanangu, vua hanesi kwanza ndipo umlaumu mbwa." Nikapitisha vidole kwapani upande wa kushoto. Manyoya yalikuwa yamekatika mafupi kama yamenyolewa, na ngozi chini yake ilikuwa ya moto. Uzi mmoja wa mshono wa mkanda wa tumbo ulikuwa umefumuka, ukashika matope, ukakauka mgumu kama mwiba. Mita mbili za kwanza alikuwa ameinama na mkanda haukugusa pale. Mwendo ulipochanganya, miguu ikafunguka, mwiba ukaanza kazi yake. Chui alipumzika mpaka ngozi ikapona, nikaushona upya mkanda, na hakusimama tena mita ya tatu.

Anakohoa, anakoroma au anainua kichwa juu

Hii ni hanesi, karibu kila mara. Hanesi ya matembezi haifai kwa mzigo mzito, na mkanda wa shingoni haufai kwa mzigo wowote, hata mwepesi. Hanesi ya kuvuta mzigo ina kifua kipana chenye pedi, mikanda ya ubavuni inayoelekea nyuma, na upau unaotenganisha kamba nyuma ya miguu ili zisimsugue mapajani.

Ikague mara mbili: mbwa akiwa amesimama tu, kisha kamba ikiwa imekazwa, kwa sababu hanesi husogea ikipata mzigo. Mbele iwe na umbo la V, ikae chini kwenye shina la shingo, uzito uangukie kidarini na mabegani. Weka vidole viwili kooni wakati msaidizi anavuta kamba kwa nyuma. Ukihisi mkanda unapanda kugusa koo, hanesi ni kubwa mno au kamba inavuta ikitokea juu mno. Mikanda isikatize kiungo cha bega. Bega lazima liende mbele bila kuzuiwa. Upau ukae usawa wa vifundo vya miguu ya nyuma, na ubaki nyuma kiasi cha kutogongwa na miguu akikanyaga kwa nguvu.

Kama hanesi imekaa sawa na kikohozi kinaendelea hata akiwa amepumzika, usimfunge tena kabla moyo na mapafu havijapimwa. Mbwa mwenye uso mfupi anayekoroma hata akilala, mimi simshauri mtu amfundishe kazi hii.

Anaenda upande, au anarukaruka badala ya kukanyaga

Mvuto mzuri unautambua kwa umbo lake: kichwa kimeshuka, mgongo uko chini na umenyooka, hatua ni fupi na kila mguu unasukuma ardhi kwa zamu. Anayeruka kwa miguu miwili ya mbele anajaribu kuushtua mzigo uondoke. Ama ni mzito kwake, ama tumemsisimua kwa kelele mpaka akasahau miguu yake. Kuruka huko ndiko kunakochana misuli ya kinena na kuumiza magoti. Punguza mzigo hadi arudi kukanyaga, na umwite kwa sauti ya chini.

Anayeenda upande mmoja, tazama kwanza vitu rahisi: kamba moja ndefu kuliko nyingine, gurudumu linalokwama, mzigo uliopakiwa upande mmoja. Mzungushe avute kuelekea ulikotoka. Kama sasa anaelekea upande mwingine wa uwanja, lakini kwa mwili wake ni uleule, basi si ardhi wala mteremko. Anaukwepa mguu unaouma.

Kuhusu miteremko: usimfundishe kwa magurudumu kwenye mteremko wa kushuka hata kidogo. Mkokoteni ukimgonga nyuma mara moja, unaweza kumaliza miezi ukimrudishia imani. Msaidizi wa nyuma ashike kamba ya breki kila mara.

Anachechemea baada ya mazoezi au asubuhi yake

Tazama mguu gani. Akichechemea mguu wa mbele, kichwa hushuka mguu mzima unapokanyaga na huinuka mguu mbovu unapogusa chini. Akichechemea wa nyuma, tazama nyonga kwa nyuma, upande mmoja utainuka zaidi.

Kisha anza chini kwenda juu. Nyayo: ngozi iliyochanika, kucha iliyong'oka nusu, jiwe katikati ya vidole. Saruji yenye joto huunguza nyayo. Weka mgongo wa mkono wako chini kwa sekunde saba, ukishindwa, mbwa naye asikanyage. Vidole na kifundo: linganisha na mguu mwingine kwa joto na uvimbe. Goti: akikaa, je, anaweka mguu mmoja pembeni badala ya kuukunja chini yake? Akisimama, anagusa kwa ncha za vidole tu? Hizo ni dalili za ukano wa ndani ya goti, ambao mara nyingi huchakaa polepole kabla ya kukatika, na aliyekatika mmoja yuko hatarini kukatika wa pili. Kinena: hatua fupi ya nyuma, kusita kuruka juu ya kitu, kutetemeka ukigusa kwa upole ndani ya paja. Nyonga: anaamka kwa shida, na akikimbia miguu yote miwili ya nyuma inaenda pamoja kama sungura.

Kukakamaa kidogo kunakoisha ndani ya dakika chache za kutembea, kwa mbwa aliyefanya kazi mpya, ni uchovu wa misuli. Mpe siku mbili za matembezi ya kamba. Kuchechemea kunakozidi saa 24, au kunakorudi kila baada ya mazoezi, ni kwa daktari.

Usimpe dawa yako ya maumivu. Ibuprofen na diclofenac zinaweza kutoboa tumbo la mbwa na kuharibu figo zake. Na hata dawa halali ya daktari isiwe ya kumwezesha kuvuta: mbwa asiyehisi maumivu ataukata ukano uliochakaa bila kukupa ishara.

Anatweta kupita kiasi

Mbwa hana jasho la kumsaidia kama letu; joto lake hutoka zaidi kwa ulimi na pumzi. Joto la kawaida la mwili ni kama nyuzi 38 hadi 39.2. Kutweta kwa kazi hupungua ndani ya dakika chache za kivuli. Kinachotisha ni ulimi mpana uliopinda ncha na kuwa mwekundu sana, udenda mzito unaonata, macho yasiyokutazama, kuyumba, kutapika.

Ukiona hayo, mpoze kwanza, kisha safari. Mmwagie maji ya baridi ya kawaida mwili mzima, tumboni na kinenani zaidi, na upepo umpige. Usimfunike taulo lililolowa ukaliacha juu yake, maana linashika joto. Usimlazimishe kunywa. Pima joto la mwili njia ya haja kubwa, na acha kupoza likishuka hadi karibu 39.5. Hata akionekana amepona, aonwe na daktari siku hiyohiyo, kwa kuwa figo na ini huweza kushindwa baadaye.

Unyevu hewani unanitia hofu kuliko jua, kwa sababu mate ya ulimini hayakauki na ulimi haupoi. Siku ya mawingu yenye hewa nzito watu hujisahau.

Anaogopa mlio wa nyuma

Mpe mnyororo mwepesi auburuze kwenye nyasi, kisha kwenye changarawe, kisha saruji. Kwa mkokoteni, msaidizi auvute pembeni yake kwa umbali, huku mbwa akila. Sogeza karibu siku kwa siku.

Anawavamia mbwa wengine akiwa na hanesi

Hanesi inapandisha ari, na mbwa mwenye nguvu akiwa na ari anahitaji nafasi. Fundisha mbwa mmoja mmoja, wengine wasionekane. Akihitaji kifunga mdomo, kiwe cha kikapu kinachomruhusu kufungua mdomo na kutweta. Kile cha kitambaa kinachobana ni hatari akiwa kazini. Watoto wasipande mkokoteni, hata mbwa akiwa mpole kiasi gani.

Amepoa, hana hamu tena

Anajificha ukishika hanesi, anakula kwa kusita, amepungua uzito, usingizi wake hautulii. Hesabu siku. Mazoezi mazito mara mbili kwa wiki, yenye pengo la saa 48 au zaidi katikati, yanamtosha mbwa mzima. Gusa mbavu: uzihisi chini ya ngozi bila kubonyeza, lakini zisitokeze zote. Kama ratiba ni sawa na bado amepoa, apimwe damu, minyoo, na magonjwa ya kupe kabla hujafikiria chochote kingine.

Daftari husaidia sana hapa. Naandika tarehe, mzigo, nguvu iliyosomwa kwenye mizani, hali ya hewa, na alivyoamka kesho yake. Hilo la mwisho ndilo ninalolisoma zaidi.

Kumrudisha kazini baada ya kuumia

Daktari akishamruhusu, wiki ya kwanza ni matembezi na hanesi tupu. Ya pili, kamba na upau bila mzigo. Ya tatu, sehemu ya kumi ya uzito wake, umbali mfupi, siku moja ndiyo na mbili hapana, baada ya dakika kumi hadi kumi na tano za kutembea ili misuli ipate joto. Mpige picha za video kwa nyuma na kwa ubavu kila wiki, kwa sababu jicho lako litazoea mwendo mbovu bila wewe kujua. Akichechemea hata hatua mbili, rudi wiki ya kwanza, na mguu ule upigwe eksirei kabla hujamfunga mzigo tena.